Koti la Mzee Zacharia

Kama Mungu alikupa mdomo kama wangu, usimpende mtoto wa mtu mwenye bastola. Shauri hilo nakupa bure, na mimi mwenyewe nililipata nikiwa nimeshachelewa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu pale Landless, Thika, nikiupaka uzi nta, Githae aliposimama mlangoni. Siku tatu hatukuwa tumeongea. Siku zote tatu nilikuwa nimeapa kwamba akija sitamwangalia, na nilimwangalia tangu alipovuka mtaro kule kwa muuza avokado. Alikuwa amevaa lile shati la bluu. Anajua shati hilo hunifanya nini, na alilivaa kusudi.

"Sasa, Idah."

"Poa. Tumefunga."

"Si mlango uko wazi?"

"Tumefunga kwako wewe."

Akaingia hivyo hivyo, akakalia stuli ya wateja, magoti yake yakagusa meza yangu. Nikasogeza meza. Akasogeza stuli. Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa ananiangalia kwa yale macho yake ya polepole, na hasira yangu ikaanza kutafuta pa kujificha.

Nikuambie tuligombana kwa nini. Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona mishipi, mikoba ya akina mama, na kwa sababu mji wetu una wanaume wenye pesa na wasiwasi, nashona pia holsta, ile mifuko ya kubebea bastola kiunoni. Mwanaume akimletea fundi holsta huongea bila breki, utadhani fundi hana masikio. Mimi ninayo mawili, na simu. Kila Jumanne nilikuwa narekodi dakika tano, sauti tu bila uso, kipindi kinachoitwa Mguu wa Kuku, jina ambalo vijana wetu huipa bastola. Huko nilichambua habari za silaha za wiki. Kuna bwana aliyesahau bastola kwa kinyozi, kinyozi akampigia simu, "Boss, umeacha chaja yako." Kuna kontrakta aliyenunua fulana ya kuzuia risasi, akaivaa kwa mkutano wa ukoo, akazimia kwa joto kabla ya maombi ya kufungua. Kuna mwingine alienda harusi Ruiru na holsta mbili, mama wa jikoni akamshika mkono akamwambia, "Fundi wa stima, umechelewa, friji iko huku." Watu walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nakula vizuri kwa kicheko hicho.

Halafu nikatoa klipu ya Mzee wa Koti. Mteja mmoja alinisimulia juu ya mzee wa Gatongora ambaye kila akimaliza nyama choma husimama, anainua koti polepole mpaka hoteli nzima ione holsta, kisha anakaa tena. Nikasema kwenye simu: "Kuku akitaga hupiga kelele. Huyu mzee hatagi, anainua mkia tu." Klipu ilienda mpaka kwa vikundi vya maombi.

Mzee huyo ni Mzee Zacharia. Na Mzee Zacharia ndiye baba yake Githae. Sikujua. Wallahi, kama anavyosema jirani yangu Sumeya, sikujua. Githae alimchezea baba yake ujumbe wa sauti niliomtumia, apate kumjulisha mpenzi wake, na mzee akaruka kitini: "Hiyo sauti naijua! Hiyo ndiyo ile inaniita kuku!"

Klipu niliifuta siku hiyo hiyo, lakini maneno yakishatoka hayarudi. Mzee akaapa hatakanyaga kwetu. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya wazee wa Githae kuja nyumbani kwa baba yangu, kule Theta, kuhanda ithigi, kupanda tawi, yaani kusema wameona ua kwenye boma letu. Baba wa mvulana asipokuja, wajomba hawaji. Na baba yangu, Mzee Njau, alikuwa ameshasema lake: wasipofika Jumamosi, wasimrudie tena, binti yake si mkutano wa barabara wa kuahirishwa.

"Ulisema sijui kunyamaza," nikamwambia Githae.

"Na wewe ukasema baba yangu hajui kuacha koti chini."

"Si ni ukweli?"

"Ni ukweli. Hata langu ni ukweli." Akanishika mkono, ule wa kushoto, wenye kidole gumba cheusi. Rangi ya ngozi iliingia pale miaka sita iliyopita ikakataa kutoka. Mama husema hakuna mama mkwe atakayekula chapati iliyoguswa na kidole hicho. Githae alikibusu. "Idah, nimechoka kukukosa. Siku tatu nimekula githeri peke yangu kama mfungwa. Nimeleta mpango."

"Mpango gani?"

"Holsta ya baba imefumuka. Nimemwambia kuna fundi Landless anashona kuliko Thika yote."

"Githae. Anakuja lini?"

"Anashuka kwenye gari."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Wewe ni mgonjwa!"

"Akupende mikono kwanza. Mdomo atauzoea pole pole. Lakini usiongee, please. Sauti yako ataijua kabla hujamaliza salamu."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Dakika kumi."

"Githae, hata kanisani mimi hujaribiwa."

Sikuwa na muda zaidi. Kivuli kirefu kilikuwa kimejaa mlangoni. Nikafanya kitu ambacho mafundi wa ngozi hufanya kila siku, nikajaza uzi mdomoni, nyuzi tano ndefu za nta, nikazibana kwa meno.

"Habari ya kazi, fundi," akasema Mzee Zacharia.

Alikuwa mrefu, kofia kichwani, koti la kahawia lililopigwa pasi vizuri. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

"Ana uzi kwa mdomo, Baba," akasema Githae. "Hivyo ndivyo hushona."

"Vizuri sana. Mwanamke wa kazi, hana maneno mengi." Akaketi. "Sikiza, fundi. Huyu kijana wangu amependa msichana mmoja, mdomo wake ni kama lori imekosa breki. Amenichafulia jina kutoka Ruiru mpaka Murang'a. Ungekuwa wewe, hata leo ningekuja kwenu na mbuzi."

Githae akakohoa mpaka akatoka machozi. Mimi nikang'ata uzi. Nilihisi ladha ya nta ikishuka kooni pamoja na majibu saba mazuri sana.

Nikaashiria anipe holsta. Mzee akageukia ukuta, akatugeuzia mgongo, akahangaika chini ya koti, akatoa kilichokuwa ndani na kukitia mfukoni haraka. Kisha akavua holsta mshipini na kuiweka mezani. "Silaha haionyeshwi ovyo," akasema.

Nikaishika, nikaingiza mkono ndani kutafuta mshono. Hapo mkono wangu ukashtuka.

Ngozi haijui kudanganya. Bastola ikikaa kwenye holsta miezi miwili, chuma hupaka weusi ndani, mafuta huingia, na chini pale mdomo unapogusa pananyonyoka. Hii ilikuwa safi kama siku iliyokatwa. Haikunuka mafuta ya bunduki, ilinuka dawa ya kuchua misuli. Katikati ilikuwa imevimba kwa umbo refu la mviringo, na chini kabisa nikapata nyuzi za kitambaa laini cha manjano. Kitambaa hicho nakijua. Umbo hilo nimelishonea watu wengi, walimu hasa.

Ndani ya holsta ya Mzee wa Koti hakukuwa kunalala bastola. Kulikuwa kunalala miwani.

Nikainua macho. Mzee alikuwa ananitazama, na akajua kwamba nimejua. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia klipu ya Jumanne ikijipanga yenyewe kichwani, mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa klipu bora ya maisha yangu.

"Fundi! Mshipi wangu wa visu umeisha?"

Alikuwa Kagwe, mchinjaji wa hapo jirani, shabiki mkubwa wa Mguu wa Kuku ambaye hakujua anayemchekesha ni mimi. Akaona holsta. Akaona koti. Nikaona akili yake ikifanya hesabu pole pole.

"Ngoja kwanza. Mzee, wewe si wa Gatongora? Ai! Si wewe ni Mzee wa Koti!"

"Kijana, tuheshimiane," akasema Githae akisimama.

"Mimi namheshimu! Mzee, ni ya milimita tisa ama ni ile kubwa? Hebu tuone kidogo. Wee! Njooni muone Mzee wa Koti! Yuko hapa na mguu wa kuku live live!"

Vichwa vitatu vikaingia dirishani. Simu zikainuliwa. "Inua koti, mzee! Mara moja tu!"

Mzee Zacharia akaweka mkono juu ya mfuko wa koti, akaubana. Kagwe alikuwa ameshaanza kumzunguka, akinyoosha shingo kuchungulia. Angeona miwani, jina la mzee lingekuwa limezikwa kutoka Landless mpaka Gatongora, na Jumamosi yangu pamoja nalo.

Nikatema uzi.

"Kagwe! Toka kwa duka yangu!"

Kagwe akaganda, shingo bado imenyooshwa.

"Mteja akivua kiatu hapa, wewe humuuliza soksi yake ina mashimo ngapi? Hii ni kazi ya fundi na mwenyewe. Silaha si mwanasesere, na mzee si sinema. Mshipi wako bado, uje Alhamisi. Na nyinyi vichwa vya dirisha, mkirekodi hapa ndani, nawajua mpaka kwa mama zenu. Haya!"

Kagwe akatoka kinyumenyume, na vichwa vikapotea. Nikashusha pumzi, nimeridhika na nafsi yangu, kisha nikaona uso wa Githae. Alikuwa amefumba macho.

"Hiyo sauti," Mzee Zacharia akasema.

Nikanyamaza. Sasa kunyamaza hakukuwa na faida.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Baba." Lile neno Baba lilitoka lenyewe, sikulipanga.

Mzee akamgeukia mwanawe. "Githae, enda uangalie gari."

"Gari iko sawa, Baba."

"Enda uiangalie ikiwa sawa."

Githae akaniangalia mara moja, muda mrefu, kama mtu anayeacha mzigo wake stendi akiomba aukute akirudi. Akatoka. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa. Macho yake yakawa makubwa na ya upole. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniona.

"Miaka mitatu," akasema. "Nilienda kupimwa shabaha ndio leseni iendelee. Risasi sita. Zote zilipata."

"Sasa shida ilikuwa gani?"

"Zilipata shabaha ya mtu wa kando yangu. Yeye ndio alipongezwa."

Nilijaribu. Shahidi wangu ni Mungu, nilijaribu. Kicheko kikanitoka puani, nikajifunika uso kwa aproni, na nilipotoa uso nikakuta mzee naye mabega yanamcheza.

"Daktari akanipa miwani, mimi nikarudisha bastola. Holsta ikabaki bure, miwani haikuwa na mahali. Nikaviunganisha." Akaacha kucheka. "Unajua, msichana, nikiinua koti watu hunipa kiti kwa heshima. Nikitoa hii miwani watanipa kwa huruma. Kiti ni kile kile, lakini mwenye kukikalia anajua. Halafu wewe ukacheka hata koti."

Ilinichoma. Nilikuwa nimezoea kuwacheka wanaume hawa kutoka mbali, wakiwa viuno tu na mikanda.

"Baba, nisamehe. Nilicheka koti, sikufikiria kuna mtu ndani yake."

"Na Jumanne? Hii ni tamu kuliko ile."

"Ni tamu sana. Inanikwaruza hapa." Nikashika koo. "Lakini sitasema. Si Jumanne hii wala nyingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nampenda mtoto wako. Nampenda mpaka nimenyamaza dakika kumi, na Githae atakuambia hiyo si mchezo."

Nikashona holsta mbele yake, mshono maradufu, nikabadilisha pia kifungo kilicholegea. Aliinama kuangalia kazi yangu kupitia miwani, kisha akaangalia mkono.

"Hiki kidole kilifanyaje?"

"Ni rangi. Haitoki. Mama anasema kitanikosesha bwana."

"Hm," akasema. Akaichukua holsta yake na kuondoka. Hakusema amenisamehe. Hakusema Jumamosi.

Jumanne nilichambua bei ya mishipi. Watu wakaandika kuuliza kama nimeugua.

Jumamosi kule Theta mukimo wa viazi wa wageni ulikuwa tayari saa nne. Saa tano hakuna mtu. Saa sita baba yangu akaangalia saa, akaangalia lango, akaangalia saa tena. Nilikuwa chumbani na Sumeya, ambaye alikuwa ameleta kutoka dukani kwake leso za kutufunika sisi wasichana, mvulana atafute wake, na nilikuwa nimeshaacha kuongea. Sumeya alinishika bega. "Wewe ukinyamaza hivi unanitisha," akasema.

Kisha tukasikia magari. Nikachungulia dirishani nikihesabu kofia. Mjomba, mjomba, Githae na shati langu la bluu, na nyuma kabisa, koti la kahawia. Nililia hapo hapo, nikaharibu wanja wote niliopakwa.

Lakini nilikuwa nimemsahau Tata Wangechi, dada ya baba yangu. Yeye hasahau. Wageni walipokula na kusema maneno yao ya kuona ua, alisimama katikati ya sebule.

"Kuona mumeona, tumesikia. Lakini tumesikia pia kuna mzee hakutaka kuja." Mjomba mmoja wa Githae akakohoa. "Kwa hivyo leo kijana akae chini. Yeye ua hilo amelijua mpaka mizizi. Nataka baba ndiye anionyeshe. Wasichana ni wanne, wamefunikwa, mikono tu ndiyo iko nje. Akikosea, mrudi kwenu mkajifunze, mje mwaka ujao na mbuzi watano juu. Na msichana akitoa sauti, hata chafya, ameharibu!"

Tulikuwa tumesimama kwa mstari, leso mpaka magotini. Sikuona kitu ila maua mekundu ya kitambaa. Nilimsikia Mzee Zacharia akiinuka kitini, magoti yakilia. Nilijua kile ambacho hakuna mwingine pale aliyekijua: bila miwani mzee huyu hatofautishi mkono na kijiko. Kukohoa kungetosha, sauti yangu anaijua kuliko jina lake. Nikabana meno.

Sebule nzima ikamngoja.

Kisha nikasikia kitambaa kizito kikiinuliwa, polepole.

"Haiya! Anainua koti!" mtu akapiga kelele. Viti vikaburutwa. "Ngai Baba, si ndani ya nyumba ya watu!" Huyo alikuwa Tata Wangechi, na sauti yake ilitoka chini, nyuma ya kochi. Halafu nikasikia kifungo kikifunguka, tak. Kifungo hicho nilikishona mimi.

Baba yangu ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka sahani zikatikisika kabatini.

"Chekeni," akasema Mzee Zacharia. "Nimeibeba miwani hii kiunoni miaka mitatu nikiwatisha nayo. Mkimaliza kucheka mnipishe nione."

Hatua zake zikapita kwa msichana wa kwanza. Zikapita kwa Sumeya. Zikasimama mbele yangu. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga, na kidole chake kikavu kikapita juu ya kile cheusi.

"Ni huyu," akasema kwa sauti ya watu wote. "Huyu ndiye alinishonea. Na huyu ndiye alininyamazia, na walisema hawezi."

Vigelegele vikapanda. Kwa mbali nikasikia Githae akiita jina langu, mara mbili, kana kwamba nimetoka safari. Leso ilikuwa imelowa usoni. Mzee Zacharia akainama karibu na sikio langu.

"Jumanne uwaambie yote, mwanangu," akanong'ona. "Lakini uwaambie leo nilipata shabaha yangu mwenyewe."